Kakopa Mmoja, Tumeandikiwa Wote

Majina na namba zilizomo kwenye simu yako zina wenyewe. Mimi ni mmoja wa hao wenyewe, na wewe pia umo kwenye simu za watu ambao pengine huwakumbuki tena: fundi aliyekutengenezea friji, bodaboda wa Igoma aliyekufikisha nyumbani usiku wa mvua, mwalimu wa mtoto, kondakta aliyekuwekea mzigo stendi ya Nyegezi. Kila mmoja ulimpa namba kwa shughuli yake. Hakuna hata mmoja uliyempa ili siku akiishiwa akuweke rehani.

Lakini ndivyo tunavyowekwa. Tangu mikopo ya kwenye simu ilipoingia mtaani, watu wasiokopa hata shilingi wanapokea meseji za madeni ya wengine, tena zenye matusi. Nimezipokea mimi, amezipokea dada yangu, amezipokea fundi viatu wa jirani ambaye simu yake ni kitochi na hajui hata hiyo programu ya mkopo inafananaje. Tumezoea kuzifuta na kuendelea na shughuli, na kuzoea huko ndiko kunakonitia hasira.

Nina kibanda cha uwakala wa fedha Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Wateja wangu wengi ni watu wa dagaa. Anayeijua biashara hiyo anajua kuwa inakwenda na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, dagaa wanaifuata nuru, nyavu zinazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, mitumbwi inapumzika. Siku hizo za mbalamwezi mtaji unaliwa: kodi, ada ya shule, mgonjwa wa Bugando. Giza likirudi mitumbwi inaingia ziwani, na mwanamke anayetaka kuwahi mzigo wa kwanza anahitaji hela leo, si wiki ijayo. Benki haiwezi kumjibu kwa kasi hiyo. Kikoba chake kinakaa Jumamosi. Simu inamjibu ndani ya dakika chache.

Mama mmoja wa pale, mtu mzima, ananiita mwanangu nami namwita mama, alikopa kwa njia hiyo. Aliomba laki mbili. Iliyoingia ilikuwa laki na arobaini, nyingine imekatwa juu kwa juu kwa jina la ada, na ya kurudisha ilibaki laki mbili kamili ndani ya siku saba. Siku saba kwa mtu wa dagaa ni chache mno. Mzigo uanikwe, ukauke, ujazwe kwenye magunia, upate gari, umfikie mnunuzi, na mnunuzi naye auze ndipo atume hela. Ikinyesha katikati, dagaa wanalowa na bei inaanguka. Siku ya saba hakuwa na fedha yote. Siku ya nane asubuhi simu za watu wake zikaanza kulia.

Meseji iliyonifikia mimi ilikuwa na jina lake kamili, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Ilisema ameniweka kuwa mtu wake wa karibu, kwamba ni tapeli anayekimbia deni, na kwamba nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni. Hajawahi kuniweka mahali popote. Namba yangu imo kwenye simu yake kwa sababu mimi ni wakala wake, basi.

Alikuja kibandani mchana akiwa na simu mkononi, akanionyesha orodha ya waliompigia. Kuna aliyemhifadhi kwa jina la Tajiri Kome, mwenye mitumbwi anayempa dagaa kwa mali kauli. Kuna Dereva Fuso. Kuna Mteja Kigoma, kuna Mteja Goma, kuna Mama Kapu Ukerewe, kuna katibu wa kwaya. “Mwanangu,” akaniambia, “mkwe wangu wa Magu naye kaandikiwa. Nitamtazamaje yule?” Sikuwa na jibu. Kwa mama wa Kisukuma, mkwe kusikia kwa mtu baki kwamba wewe ni tapeli ni aibu isiyoisha kwa kulipa deni.

Na deni alilipa. Aliuza kitenge na kukopa kwa mdogo wake, akamaliza siku ya kumi, na adhabu ya kuchelewa juu. Ila Tajiri Kome alikuwa ameshabadilika. Mali kauli maana yake ni neno la mtu tu. Hakuna hati, hakuna wakili, mzigo unashushwa mwaloni na hela inafuata baadaye kwa sababu unajulikana kuwa huli hela ya mtu. Sifa hiyo mama aliijenga tangu watoto wake wakiwa wadogo. Mtu asiyemjua, akiwa ameketi kwenye ofisi asiyoijua, aliivunja kwa meseji moja iliyotumwa kwa watu wote kwa mpigo.

Nimewasikia wanaosema alikopa mwenyewe, na programu ilimuuliza, naye akakubali. Ni kweli iliuliza. Simu za Android tangu toleo la mwaka 2015 zinaiagiza programu iombe ruhusa kabla ya kugusa majina, picha au mahali ulipo. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili linatokea dirisha dogo likiuliza kama ungependa kuiruhusu ifikie anwani zako, yaani majina na namba ulizohifadhi, chini yake kuna Ruhusu na Usiruhusu. Mama wa dagaa, akiwa na gari linamsubiri, anabonyeza lile litakaloleta hela. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tukikudai tutamwandikia mkwe wako. Akibonyeza Usiruhusu, programu nyingine zinagoma kuendelea na maombi, kwa hiyo hilo swali lina jibu moja tu.

Lakini hebu tuseme alisoma kila mstari akaelewa. Tuseme ni mwanasheria. Bado ruhusa aliyoitoa ni ya nani? Anaweza kuruhusu jina lake, namba yake, mahali anapoishi, hata picha yake. Namba ya Tajiri Kome hana mamlaka nayo. Alipewa aitumie kuulizia mzigo. Namba yangu alipewa aulize kama kuna floti ya kutolea hela. Kampuni inapozichukua zote na kuzipakia kwenye kompyuta zake, imechukua vya watu ambao hawakuwepo kwenye mazungumzo, hawakuulizwa, na hawana hata habari. Hapo ndipo ninapokataa kabisa kuambiwa kuwa hili ni suala la mkopaji na mkopeshaji.

Wapo wanaoniuliza mkopeshaji naye afanyeje, maana Waswahili wengine hawalipi mpaka waaibishwe. Nadhani swali hilo lina jibu la zamani. Mdhamini. Kwenye kikoba cha wanawake wa Mwaloni ukikopa unasimama na wenzako wawili au watatu, wanaitwa kwa majina mbele ya wote, wanakubali kwa midomo yao na kuweka sahihi kwa mikono yao. Ukichelewa wanakujia nyumbani, na wana haki ya kukujia, kwa sababu walijitoa wenyewe. Hakuna anayemtafuta katibu wa kwaya. Anayetaka kukopesha bila kumjua mkopaji wala mdhamini wake, kisha akapata faida ya haraka kiasi kile, amejichagulia hatari hiyo mwenyewe. Akitaka kudai, mahakama ya mwanzo ipo.

Nalisema hili nikiwa upande wa pili wa kaunta pia. Wakala anaona mambo mengi ya watu. Najua nani anatumiwa hela na mtoto aliye Dar, nani anatuma kila mwisho wa mwezi kwa mwanamke wa Sengerema, nani amebakiwa na elfu tatu. Wazee wengine wananikabidhi simu na kunitajia namba ya siri kwa sauti, foleni yote ikisikia. Namrudishia simu, nasema, “Shikamoo baba, bonyeza mwenyewe, mimi nakuelekeza,” hata kama itachukua dakika tano na walio nyuma wananung'unika. Akishatoka hapo anaweza kukutana na kijana asiye na subira kama yangu wala nia kama yangu.

Mwanaume mmoja alinijia akataka nimwambie mkewe jana alitoa kiasi gani. Aliuliza kwa utulivu, kama anayeuliza bei ya vocha. Nikamwambia kaka, hiyo ni ya shemeji, muulize mwenyewe. Akasema lakini ni mke wangu. Nikamjibu kwamba na wewe mwenyewe ukitoa hela hapa sitamwambia yeye. Aliondoka amekasirika, na nimempoteza mteja. Ninavyoona mimi, kazi hii haifanyiki vinginevyo. Mwanamke wa Mwaloni akijua kwamba mumewe anaweza kupata hesabu zake kwa kuinama tu dirishani kwangu, hatakuja tena, atarudi kuficha hela kwenye unga.

Hata daftari. Mawakala wengi tulianza na daftari lenye tarehe, jina, namba ya simu, kitambulisho, kiasi na sahihi, likikaa wazi juu ya meza na kalamu imefungwa kwa uzi. Aliyekuja kuweka sahihi mstari wa ishirini alikuwa na nafasi ya kusoma mistari kumi na tisa ya juu: nani katoa milioni, namba yake ipi. Kumbukumbu zangu sasa zinakaa ndani ya droo yenye kufuli, na mteja haoni mstari wa mwenzake. Haikunigharimu kitu zaidi ya kufuli. Naliandika hili kwa sababu ulinzi wa taarifa za watu ukitajwa, wengi wanafikiria makompyuta ya Ulaya, kumbe mwingine uko kwenye meza ya mbao Kirumba na kwenye stesheneri za pale mjini, ambako kopi ya kitambulisho iliyotoka na wino hafifu inatupwa kwenye boksi, na boksi likijaa makaratasi yanauzwa. Nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, jina la baba na la mama vinasomeka vizuri kabisa.

Na vidole. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Wanaokumbuka foleni za siku zile watakumbuka pia wavuvi waliorudishwa. Kamba za nyavu zilikuwa zimezisawazisha ncha za vidole vyao, mashine ikawa inakataa mara kwa mara: weka tena, futa, weka tena, jaribu kile cha kati. Katikati ya hiyo weka tena ndipo wajanja wachache wa chini ya miamvuli walipopata mwanya, kidole cha pili kikasajili laini nyingine ambayo mwenye kidole hakuiona. Ndiyo maana kila anayesajili laini kwangu namwambia abonyeze *106# aone ni namba ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chake. Nimewaona watu wazima wakikunja uso kukuta laini wasizozijua. Namba ya aina hiyo ndiyo inayokuja kutuma zile meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii”, na polisi wakiifuatilia wanafika kwa mvuvi wa watu aliyelala kambini kisiwani. Meseji hizo zipeleke 15040 badala ya kuzifuta tu, kwa sababu namba iliyoripotiwa inaweza kufungiwa.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Moyo wa sheria hiyo ungeeleweka na mtu yeyote wa Mwaloni: taarifa ya mtu ikusanywe kwa kusudi linalojulikana, itumike kwa kusudi hilo, na mwenyewe awe na haki ya kujua na kupinga. Anayekusanya taarifa anatakiwa kujisajili kwa Tume. Benki Kuu nayo, ambayo ndiyo inayosimamia wakopeshaji chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ilitoa mwongozo wa mikopo ya kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Google yenyewe ilikuwa imeshakataza, kuanzia mwisho wa Mei 2023, programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kufikia majina na picha za mtumiaji. Wajanja wakahamia kwenye viungo vya WhatsApp, programu unaipakua pembeni, haipiti dukani.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wamekwenda hatua moja mbele, na nawaonea wivu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma meseji za vitisho. Tangazo hilo hilo liliitoza shule 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila ridhaa ya wazazi. Mfanyabiashara wa Kisumu aliyesoma habari hiyo alijua kuna mahali malalamiko yanakopokelewa na kugeuka faini. Mtu wa Mwanza naye anahitaji kuona uamuzi wa aina hiyo ukitangazwa kwenye redio anazozisikiliza, kwa lugha anayoielewa, ukitaja nani katozwa na kwa kosa gani.

Kuna jambo ambalo katika tangazo la zile 69 nililitafuta. Programu ikifungiwa, haiwezi kukopesha tena, sawa. Zile namba ilizokwisha kuzipakia ziko wapi? Kuifuta programu kwenye simu yako hakufuti kilichoshachukuliwa. Orodha ya majina ya mama yule ilitoka kwenye simu yake siku aliyobonyeza Ruhusu, na kampuni ikitaka inaweza kuiuza kesho kwa nyingine yenye jina jipya. Kufungia bila kulazimisha zifutwe, na kukagua kwamba kweli zimefutwa, kunawaacha watu wote waliomo kwenye orodha mikononi mwa wale wale. Mimi nimo. Mkwe wa Magu yumo.

Kwa walio na simu za kupangusa, ingia Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, uone nani amepewa majina. Tochi haihitaji majina. Mchezo wa mtoto hauhitaji majina. Ondoa. Na ukiomba mkopo, angalia kwanza kama anayekukopesha yumo kwenye orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni, hata kama mwezi umeingia gizani na gari linapiga honi.

Barua ya malalamiko ya mama tuliiandika pamoja kwenye meza yangu, jioni, wateja wakiwa wamepungua. Nilidhani atataka arudishiwe ile adhabu ya kuchelewa. Hakuitaja. Alichotaka ni kampuni iwaandikie watu wale wale, kwenye namba zile zile, kwamba deni limelipwa lote na kwamba ilikosea kuwaandikia. Kisha izifute namba zao. Alinifanya niisome sehemu hiyo mara mbili kabla ya kuweka sahihi. Kampuni haijajibu. Nakala moja imekwenda kwa Tume, nyingine Benki Kuu tawi la Mwanza, na Tajiri Kome bado anataka hela taslimu kabla gunia halijashuka.